Kitabu cha Maziwa

Aliomba kitabu cha maziwa. Alikuwa mama wa makamo, leso imefungwa kiunoni juu ya rinda, na vumbi la mawe lilikuwa bado limekaa kwenye mikunjo ya viatu vyake. Alisimama mbele ya dawati langu katika maktaba ya umma ya Migori na kushusha sauti kama mtu aliyeingia kanisani ibada imeshaanza. Alitaka kitabu kinachoeleza habari za maziwa.

Nilifurahi. Mtu mzima haji kila siku kuomba kitabu. Meza zetu hujaa wanafunzi waliobeba vitabu vyao wenyewe, ambao kwetu hutafuta kiti, mwanga, na mahali ambapo hawataitwa kuchota maji. Nikampeleka kwenye rafu ya kilimo, nikamchomolea kitabu cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, chenye picha za nyasi na viwele vilivyojaa.

Alikaa nacho kwa adabu. Alifunua kurasa polepole, akatazama kiwele, akatazama ndoo, kisha akakifunga na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Hiki ni cha ng'ombe," aliniambia bila lawama. "Mimi nataka cha maziwa yakishaingia kwa mtu."

Kazi hii niliianzia Homa Bay, chini ya mkutubi mkubwa aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani kabla ya kujibu chochote. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba swali la kwanza la msomaji ni hodi tu. Mtu akibisha hodi humwambii palepale kwamba shida yake imekwisha. Unamkaribisha, unampa kiti, unangoja aseme kilichomleta. Siku hizo nilidhani ananifundisha adabu. Nilikuwa nimetoka chuoni nikijivunia namba za vitabu: nitajie kitabu, nikuonyeshe rafu yake nikiwa nimefumba macho. Sikujua kwamba mzee yule alikuwa akinipa kazi yenyewe, na kwamba zile namba zilikuwa kama ufagio, kitu cha lazima ambacho hakuna mgeni anayekuja nyumbani kukitazama.

Maana mambo yamebadilika. Zamani msomaji alikuja mikono mitupu akitaka apewe. Leo anakuja amebeba tele. Simu imempa habari za ugonjwa wake, za shamba lake, za kazi ya ng'ambo, na zote zimemfikia kwa sauti ileile ya uhakika. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye wachambue pamoja. Watu wa Homa Bay wanaijua kazi hiyo. Omena, dagaa wetu wa ziwani, ikianuliwa kutoka mchangani huja na changarawe na vipande vya makombe, na hakuna anayeimwaga yote kwenye sufuria eti kwa sababu imetoka ziwani. Kwenye semina zetu jambo hili huitwa ujuzi wa habari, na wengi husikia hivyo wakadhani ni kujua kubofya kompyuta. Kubofya mtu hujifunza kwa asubuhi moja. Kinachochukua muda ni kujua unachokihitaji kinaitwaje, na aliyekuambia alijuaje.

Basi nikamkaribisha yule mama kwenye viti vya nyuma, upande wa watoto, ambako hakukuwa na mtu kwa kuwa watoto walikuwa shuleni. Kabla sijauliza lolote, aliniuliza yeye.

"In nyar kanye?"

Yaani, wewe ni binti wa wapi. Kwetu mwanamke akiolewa huitwa kwa mahali alikotoka. Si jina la mapambo. Ukijua kwao unajua nani alimlea, nani wa kuulizwa habari zake, na kesi ikitokea itapelekwa mlango upi. Nikamjibu kwamba mimi ni nyar Kisegi. Akasema ana shangazi aliyeolewa huko karibu na soko, mabega yake yakalegea, na maneno yakaanza kutoka.

Alitoka Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Nyumbani kwake, alisema, kuna mtu ambaye hayuko peke yake. Nilielewa bila kuongezewa, kwa sababu kwetu mtoto ambaye hajazaliwa hatangazwi. Alikuwa mke wa mwanawe. Mwana na mkewe hununua mawe, huyasaga, huuosha unga wake kwenye karai, kisha humimina yale maji mazito yanayong'aa kama fedha ili yakusanye chembe za dhahabu ziwe donge moja. Donge huchomwa juu ya jiko. Yale maji huondoka kwa moshi, dhahabu ikabaki. Wao walichomea jikoni, humohumo mnamopikwa ugali, kwa kuwa dhahabu haichomwi mahali ambapo macho ya watu yanapita. Na yale maji yanayong'aa, kule wanayaita dawa.

Alikuwa amesikia tangu zamani kwamba dawa hiyo si nzuri. Lakini kwenye kikundi chao cha simu ilikuwa imeingia sauti ya mwanamume, yenye kituo na utaratibu kama ya mtu aliyesoma, ikisema kikombe cha maziwa kabla ya kuchoma na kingine baada yake huosha dawa yote kutoka kwenye damu. Mwanawe akaamini, na tangu siku hiyo hakukosa kurudi na maziwa.

"Mwanangu si mtu mbaya, nyathina," alisema, akiniita mtoto wake. "Anampenda mke wake, ndiyo maana anamnunulia. Kama maziwa yanatosha, mimi nitanyamaza. Lakini kama hayatoshi, nani atamwambia? Nikisema mimi, yatakuwa maneno ya mama mkwe."

Hapo ndipo swali lilipofika mlangoni. Hakuwa na haja ya kitabu cha maziwa wala cha ng'ombe. Alitaka kujua kama mjukuu wake yuko salama, na alitaka ushahidi ambao haukutoka kinywani mwake.

Aliniambia kwamba alikuwa ameshajaribu kutafuta. Alitoa simu, akanionyesha alichoandika, au alichoandikiwa na jirani: dawa na mama mjamzito. Majibu yalikuwa mengi na mazuri, ya watu wenye kujua. Yalisema mama mjamzito asiogope dawa aliyopewa hospitalini, aitumie kila siku, asiruke hata moja. Nilisoma, nikasoma tena. Hakuna aliyekuwa amemdanganya. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na kila moja ilikuwa ikimpeleka mke wa mwanawe jikoni penye moshi.

Fikiria neno hilo. Kuna dawa ya malaria, kuna dawa ya kupe, kuna dawa ya kunyunyizia mahindi, kuna dawa ya viatu. Sisi hatuchanganyikiwi, kwa sababu tunaposema dawa tumesimama mahali fulani, ama kwenye boma la ng'ombe, ama kibarazani tumeshika brashi. Mashine haijasimama popote. Ukiiambia dawa, inakupa ile inayoulizwa na wengi.

Nikamweleza hivyo, na akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Kisha nikamwambia kwamba kitu kile kina jina lake halisi, zebaki. Nililijua neno hilo tangu darasani, mahali ambapo maneno kama hayo hukaa kama sahani za wageni, yanajulikana lakini hayashushwi. Tulipoliandika, mlango mwingine ukafunguka. Tulipata kijitabu cha wachimbaji wadogo kilichoandikwa ng'ambo ya mpaka, ambako wanachimba kama sisi na neno zebaki liko midomoni mwa watu. Tukatafuta na maandishi mengine ya watu wengine, ili tuone kama wanakubaliana. Walikubaliana. Moshi wa zebaki hauonekani wote na huingia kwa pumzi. Huwaumiza wanaochoma na waliokaa karibu, na aliye tumboni huumia kuliko wote, kwa kuwa ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Moshi huenda mapafuni na kwenye damu, na maziwa hayaufuati huko.

Nikamwambia wazi kwamba mimi si daktari wala muuguzi. Kazi yangu ni kumwonyesha maneno na wenyewe walioyasema, na kurasa nitakazomchapia azipeleke kliniki pamoja na mke wa mwanawe. Hilo huwa nalisema kila mara, hata pale ninapotamani kutoa amri. Mkutubi akianza kuwa daktari, amekuwa sauti nyingine tu ndani ya simu.

Lakini ile sauti ya mwanamume ilikuwa bado imemkaa. Alisema huenda wa ng'ambo wana maneno yao na daktari huyu ana yake. Nikamuuliza alijuaje kwamba ni daktari. Akasema mwenyewe alisema. Nikamuuliza ni daktari wa hospitali gani. Hakujua. Nani aliileta kikundini? Mtu fulani, naye alikuwa ameletewa.

Ndipo likanijia swali lake mwenyewe.

"Mama, haya maneno yameingia bomani kwako, yamekaa jikoni, yanakula na watu wako," nilisema. "Ni nyar kanye?"

Alicheka hadi akaziba mdomo kwa leso, wanafunzi wakageuka. Kisha kicheko kikakatika katikati.

"Hakuna aliyeuliza," alisema.

Nikamchapia kurasa chache, akazikunja ndani ya leso, akaenda. Jioni nilipojaza hesabu ya siku, aliingia kama msomaji mmoja, vitabu vilivyoazimwa hakuna. Silaumu hesabu, ina kazi yake. Ila ninapozungumza na vijana wanaoanza kazi hii huwaambia wasipime siku zao kwa safu hizo mbili pekee, wasije wakakata tamaa katika siku yao bora.

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza aliporudi. Alikaa kwenye kiti kilekile bila kuelekezwa na kunisimulia kwa starehe ya mtu ambaye amengoja kusimulia. Mwanawe alikuwa amezisoma karatasi, akazirudisha mezani na kusema kwamba watu wa ng'ambo hawaijui Osiri. Mama hakubishana. Alimuuliza tu ile habari ya maziwa ni nyar kanye. Kijana akasema ni ya daktari. Mama akauliza, wa wapi? Hapo ikamkera, akaamua kumletea mama yake jibu. Akamuuliza aliyemtumia. Huyo akamtaja mwingine, na mwingine akataja wa shimo la pili, na huyo akataja fundi wa mashine ya kusagia mawe. Fundi akasema aliipata kwa yule wa kwanza kabisa aliyeulizwa.

"Ilikuwa inazunguka kama punda wa kinu," alisema mama. "Haina kwao."

Kesho yake mwanawe alilibeba jiko la kuchomea, akalipeleka nje, mbali, ng'ambo ya ua wa mikonge. Mkewe hakurudi tena kwenye kazi ya kuchoma. Muuguzi wa kliniki alimwambia kama zile karatasi zilivyosema, akaanza kumfuatilia kwa karibu. Hatujui bado, mama aliniambia, akitazama mikono yake. Huko nyuma kulikuwa na siku nyingi za moshi. Lakini kuanzia sasa anapumua hewa ya kawaida.

Nilidhani amekuja kushukuru, nikaanza kusema ahsante kwa kunikumbuka. Akanikatiza kwa mkono. Mwanawe bado anachoma, peke yake, kitambaa kimefungwa puani, na karatasi zile zilisema kitambaa hakizuii kitu. Naye ni mtoto wa mtu.

"Sasa nataka cha huyu mwanangu," alisema. "Si cha maziwa. Na usinipe cha dawa." Akalitamka neno polepole, kama anayeshusha sahani kutoka juu ya kabati. "Cha zebaki. Namna ya kuchoma bila kuvuta moshi, au namna ya kuiacha kabisa."

Nikainuka. Katika wiki zile nilikuwa nimetafuta, maana nilijua swali hilo lingefika, lake au la mwingine wa Osiri. Nikaleta kijitabu cha picha kinachoonyesha chombo kilichofunikwa ambacho huunasa ule moshi usitoke. Nilikiweka mbele yake, nikavuta kiti tusome pamoja.

Hakukifungua. Alikifunika kwa kiganja na kunitazama usoni, na pembe za macho yake zikaanza kucheka.

"Na hiki, nyar Kisegi," alisema, "hiki nacho ni nyar kanye?"

Nikakigeuza, nikamwonyesha nyuma, palipoandikwa waliokitunga, na tukaanza kusoma kuanzia hapo.