Bruda wa Karatasi za Njugu

Sisi tuliokulia Kaptembwa, pale Nakuru, hatukutupa karatasi kabla ya kuisoma. Ukinunua mandazi, unasoma gazeti la mwezi uliopita huku mafuta yakipenya herufi. Ukitumwa nyama, unarudi nyumbani ukijua nani alishinda mechi ambayo kila mtu ameshaisahau. Mama alikuwa akinikemea: "Shiro, hiyo nyama itafika hapa ikiwa imeoza, soma ukitembea." Watoto wa siku hizi ukiwapa kitabu kizima cha hadithi wanakuuliza kama kuna video yake. Sisi tuligombania kipande cha gazeti kilichofunga vitunguu, na aliyekipata alikuwa mtu mkubwa hadi jioni.

Ndivyo tulivyompata Bruda. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na saba, tukiwa darasa la sita, katika ule msimu wa vumbi ambao kila mtu wa Nakuru anaujua, mchanga ukiingia mpaka kwenye ugali. Mama Njugu, aliyeuza njugu karanga nje ya lango la shule, alinipimia zangu kwenye karatasi aliyoizungusha ikawa na ncha, na nilipomaliza kula nikaikunjua nisome. Halikuwa gazeti. Ilikuwa picha ya wino mweusi, mtu mwenye kipara amesimama kwenye mvua, na mbele yake kiumbe chenye mdomo mpana kuliko mlango. Maandishi yalikuwa vijiti vijiti ambavyo sikuwahi kuviona popote. Kengele ya darasa ililia nikiwa bado nimesimama pale. Nilihisi kwamba nikipumua kwa nguvu yule mtu atageuka aniangalie.

Rafiki yangu Chepkorir, tuliyekaa naye dawati moja na ploti moja ya vyumba vya kupanga, aliitazama karatasi ile mbele na nyuma. Kisha akaenda kwa Mama Njugu akauliza imetoka wapi. Kumbe kulikuwa na mwalimu wa kujitolea, Mjapani, aliyepanga nyumba mtaa wa pili, na alipomaliza muda wake alirudi kwao akaacha katoni nzima ya vitabu. Mwenye nyumba akampa Mama Njugu avitumie kufungia. Vilikuwa vya mfululizo mmoja, vidogo na vinene, na vingi vilikuwa tayari vimeshaenda na njugu.

"Mimi nataka karatasi tu," Mama Njugu akatuambia. "Leteni magazeti, uzito kwa uzito, mchukue hayo mavitu yenu. Hata yananitishia wateja."

Tulizunguka ploti nzima tukiomba magazeti ya zamani. Tulibandua hata yale yaliyobandikwa ukutani kwa kina Chepkorir kuzuia baridi, na mamake akatuchapa sote wawili bila ubaguzi. Lakini vitabu viwili vizima na kimoja nusu vikaokoka.

Leo najua vinaitwa manga, na kwamba yule mtu ni mtawa wa Kibudha anayezunguka vijijini akiwinda mapepo. Wakati huo hatukujua Ubudha ni nini. Tuliona kipara tukajua ni mwenzetu, maana shule yetu ilitunyoa wote, wasichana kwa wavulana. Tuliona kanzu na shanga ndefu za maombi, na kwa kuwa mamake Chepkorir alikuwa Mkatoliki mwenye rozari, tukakata shauri kwamba huyu ni bruda wa misheni. Jina likawa hilo, Bruda. Alibeba fimbo yenye pete za chuma kichwani, na tulijua kabisa inavyolia, kwa sababu tulitengeneza yetu kwa mpini wa ufagio na vifuniko vya soda tulivyotoboa kwa msumari. Kuhusu anakolala, halikuwa swali. Bibi yangu alikuwa ametuonya tusinyooshee kidole mlima wa Menengai kwa sababu ni makao ya mizimu, na ule mvuke unaopanda kutoka bondeni ni wao wanapika. Sasa mtu wa kazi kama ya Bruda angelala wapi kwingine?

Hakuna aliyeweza kusoma neno hata moja, kwa hiyo Chepkorir ndiye aliyesoma. Alikaa juu ya karai lililopinduliwa, chini ya kamba za nguo, akafungua kitabu kutoka kushoto kama tulivyofunzwa, akasoma picha. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake, na hata wavulana wa bano waliacha gololi zao wakaja kuketi. Hadithi ilikuwa hivi kila mara. Pepo amelala chini, amekatika, mvua inanyesha. Bruda amesimama juu yake. Fimbo inalia, na pepo anainuka. Wanapigana mpaka miti inang'oka. Halafu Bruda anamwambia neno moja, na pembe zinaanza kurudi kichwani, meno yanapungua, na ukurasa baada ya ukurasa uso wa mtu unatokea: mkulima, mama wa mtoto mchanga, mzee mwenye duka. Mwishowe mtu huyo yuko nyumbani kwake anakula na watu wake. Naye Bruda anaondoka peke yake, anakuwa mdogo barabarani mpaka anakuwa nukta.

Kitu kimoja kilitusumbua. Bruda aliondoka kinyumenyume, uso wake ukiwa kwetu. Chepkorir akatueleza kwamba ni heshima, kwamba mtu uliyemrudisha humpi mgongo. Tuliipenda heshima hiyo. Kwa miezi mingi watoto wa ploti yetu waliagana kwa kurudi nyuma, wakijikwaa kwenye mitungi ya maji na kukanyaga kuku wa watu.

Mama yangu hakufurahi. Kanisani kwetu mapepo yalikemewa kwa kipaza sauti kila Jumapili, na alipokuta kitabu kitandani alikishika kwa kitambaa cha kutolea sufuria motoni.

"Sitaki picha za shetani kwa hii nyumba."

"Si za shetani, Mama Shiro," Chepkorir akamjibu kwa upole. "Huyu ndiye anawarudisha."

"Anawarudisha wapi?"

"Kwao."

Mama akafikiri kidogo, akasema basi vikae kwa kina Chepkorir, na mambo yakaishia hapo.

Ikaja Krismasi na chapati zake, ikaja kura, ikaja Januari. Wa rika langu hamhitaji kuelezwa, ila kwa ajili ya wadogo niseme tu kwamba baada ya matokeo watu walianza kuchomeana nyumba, kabila kwa kabila, na kufikia mwisho wa mwezi moto ulikuwa umefika mtaani kwetu. Babake Chepkorir alikuwa akilima kwao Olenguruone na barabara zilikuwa zimefungwa. Asubuhi ulipofika, Mama alikwenda mlango wa tatu, akamtoa Chepkorir, mamake na mdogo wake, ambao hawakuwa wa kabila letu, akawaweka nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu. Aliwasha jiko akaanza kupika kama siku nyingine.

Mimi nilichungulia dirishani. Nje kulikuwa na wanaume wengi nisiowajua, na kati yao mmoja nisiyemjua mpaka alipogeuka. Alikuwa Baba Kamau, fundi wa baiskeli wa ploti yetu, yule aliyetupa gololi za bure kutoka kwenye magurudumu mabovu. Alikuwa ameshika panga. Uso wake ulikuwa umevutika, macho hayakukaa mahali pamoja, na kwa kweli sikuona mtu ninayemfahamu ndani yake. Nikaingia nyuma ya pazia nikamnong'oneza Chepkorir kwamba Baba Kamau amekuwa pepo.

Alikuwa amekumbatia vitabu kifuani. "Bruda hajamfikia tu," akasema.

Kisha mlango ukagongwa. Mama akafungua, akasimama akaujaza. Nilikuwa ukingoni mwa pazia, nikimwona yeye kwa nyuma na Baba Kamau kwa mbele.

"Mama Shiro, tumeambiwa uko na watu hapa."

Nilingoja Mama akemee. Nilimjua, angeweza kukemea mpaka mabati yatikisike. Lakini aliuficha mwiko nyuma ya mgongo, akauliza kwa sauti yake ya kila siku, sauti ya kuulizia bei ya sukuma wiki:

"Baba Kamau, ile baiskeli ya Shiro ulimaliza?"

Niliona swali likimwingia. Taya ikalegea kwanza, kisha mabega, kisha macho yakatulia, na taratibu, mbele yangu, uso wa Baba Kamau ukarudi mahali pake. Ulikuwa ule ule mpangilio wa picha, hatua kwa hatua, kama Chepkorir alivyotusomea mwaka mzima chini ya kamba za nguo.

"Imebaki tairi ya nyuma," akasema.

"Sawa. Ukimaliza utaniletea."

"Nitaleta." Akaliangalia panga lile, akalishusha. Akawageukia wenzake. "Hapa ni watoto tu. Twendeni."

Mama alifunga mlango akakaa chini pale pale sakafuni, na ugali ukaungua. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimeona milima na bahari na watoto wangu wakizaliwa, na bado sijaona kitu kikubwa kuliko uso ule ukimrudia mwenyewe. Mwanamke aliyekataa Bruda asiingie nyumbani kwake alikuwa amelijua neno lake.

Kesho yake lori likaja na polisi kuwachukua. Chepkorir alinipa kitabu kimoja kizima, akabaki na kingine na kile nusu. "Nitarudi tumalizie," akaniambia. Alipanda akakaa mkiani mwa lori, juu ya magodoro, akitutazama. Wengine walikuwa wameinamisha vichwa. Yeye hakugeuka hata mara moja, alikuwa akipungua tu kwenye vumbi la barabara, uso wake kwangu, mpaka nikashindwa kumtofautisha na mizigo. Nililia kwa sababu nilielewa anachofanya.

Baiskeli ililetwa baadaye ikiwa na tairi mpya. Baba Kamau hakuweza kumtazama Mama usoni, naye Mama akamwekea chai, akainywa amesimama. Lakini Chepkorir hakurudi. Familia yao ilibaki Olenguruone, tukawa watu wa kupigiana simu sikukuu zikifika, na kila nikimwambia aje Nakuru alikuwa na mahindi ya kuvuna, mtoto mgonjwa, mitihani ya kusahihisha, maana siku hizi ni mwalimu. Sikumlaumu. Kuna barabara ambazo mtu hawezi kuzipita kwa urahisi hata zikiwekwa lami.

Mwaka huu binti yangu Neema, wa miaka kumi, alikikuta kitabu changu kabatini. Hawa watoto wanajua manga kuliko wanavyojua shangazi zao. Akakifungua, akacheka.

"Mum, mlikuwa mnasoma hii kutoka wapi?"

"Kutoka hapa mwanzo."

"Hapo ni mwisho. Manga inaanzia kulia. Mlisoma yote reverse." Akanionyesha, ukurasa kwa ukurasa, kwa uvumilivu wa mtu anayefundisha mzee kutumia simu. Mtu anakula na watu wake. Kuna kitu kinamchoma moyoni, pembe zinatokea, meno yanakua. Bruda anakuja kutoka mbali, wanapigana, fimbo inashuka. Pepo amelala chini, amekatika, mvua inanyesha. Mwisho.

Nilikaa na kitabu hicho mapajani mpaka chai yangu ikapoa. Kisha nikampigia Chepkorir nikamweleza, nikidhani nampa habari. Nikasikia kuku wa Olenguruone upande wake.

"Shiro, mimi nilijua," akasema. "Nilijua hata kabla ya Krismasi ile. Moshi ulikuwa unarudi motoni, chai inarudi kwa birika. Nilitaka kuwaambia nianze upya upande ule mwingine."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Januari ikafika. Upande ule mwingine tulikuwa tunauona dirishani."

Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, nyuma ya pazia, na vitabu kifuani, na alikuwa amechagua. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba ile picha ya Bruda akiondoka kinyumenyume haikuwa ya kuondoka. Kwa mpangilio wao wenyewe, ni picha ya mtu anayekuja. Akacheka kidogo, kisha nikasikia analia, kisha akaniuliza kama stendi ya Kaptembwa bado iko pale pale.

Siku hizi watoto wetu wanasoma kila kitu kwa mpangilio wake, kimetafsiriwa, kimekamilika, kwenye simu, na wakimaliza kimoja kingine kinajileta. Siwaonei wivu, ingawa wakati mwingine nawaonea huruma. Hawatawahi kukaa mwaka mzima na vitabu viwili na nusu vinavyonuka njugu, wakiviamini.

Jumamosi nilikwenda stendi mapema na Neema, nikasimama kando ya barabara na kitabu mkononi. Vumbi lilikuwa lile lile. Kule mbali matatu ilisimama ikaacha nukta, halafu nukta ikawa na kitambaa kichwani, halafu ikawa na mkoba, na mwendo wake nikaujua kabla ya uso. Sikwenda kumlaki. Nilisimama nikamwacha akue.