Kompyuta Iliyoshindwa Sauti Nne

Kompyuta ya Mwalimu Kajetani wa Matogoro ingekuwa mtu, ingeshastaafu. RAM yake ni gigabaiti moja. Enzi za Windows uliweza kuiwasha, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Mwalimu hakuitupa. Fundi Remmy wa mjini alimfutia Windows akamwekea mfumo mwingine, Linux, ule mwepesi usio na mbwembwe, ikawa inawaka bila kusubiriwa. Sisi wanakwaya tulikicheka kioo chake cha kijivu. Mimi nilicheka kuliko wote, maana naimba besi, na watu wa besi hatuna adabu.

Mwalimu anatunga nyimbo za kanisani. Anaandika nota kwenye kompyuta, nayo inampigia sauti zote nne kwa mlio wa kinanda, asikie palipogongana kabla hajatufundisha.

Mwaka huu alikuwa na wimbo wa misa ya kumkumbuka mwanawe, Aidan. Alitaka mkewe auimbe. Mama Aidan ndiye aliyekuwa akituongoza sauti ya kwanza, lakini tangu tumzike kijana wake hajaimba, hata kanisani anasimama kimya. Mwalimu hakuthubutu kumwomba. Nilimwonea huruma.

Jumamosi moja nilikwenda nyumbani kwake kuchukua nota zangu, nikamkuta akiupiga wimbo huo kwenye kompyuta. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, sauti nne zikaingia pamoja, kompyuta ikaanza kukwaruza na kukatakata. Mwalimu akafunga kila kilichokuwa wazi, akaacha programu ya nota peke yake. Ikakwaruza tena.

"Ondoa besi, Mwalimu," nikasema. "Mimi si nipo?"

"Wewe mwenyewe unapotea kila Jumapili. Naondoa ya kwanza, hiyo naijua."

Akaizima sauti hiyo. Tatu zilizobaki zikapita vizuri.

Mama Aidan alikuwa uani akichambua maharage. Wiki nzima alikuwa akiusikia wimbo ule kutoka dirishani. Kiitikio kilipoanza bila sauti ya kwanza, akaingia yeye. Alianza chini chini, sauti ikikwama kidogo, kisha ikafunguka.

Mwalimu hakugeuka. Aliushika ukingo wa meza, machozi yakimtoka, na mimi yalinitoka pia. Wimbo ukaisha. Nikadhani ndiyo basi.

"Baba Aidan," mama akaita kutoka uani, "pale mwisho umepandisha mno. Sitafika."

Mwalimu akafuta macho, akazishusha nota za wimbo mzima.