Jumamosi Tuliyolima Vitabu Viwili vya Aljebra

Nilirudi Sumbawanga na shahada ya hisabati, masweta mawili na kitabu kimoja kinene. Sikusomeshwa na mtu. Dar es Salaam nilibeba zege mchana na kusoma jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka jina langu likasomwa kwenye mahafali. Siku ile nilijipigia makofi mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na ndugu wa kunipigia. Nayasema haya bila aibu. Wa mtaani kwetu waliofika pale ni wachache, na mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo tawi dogo la chuo kikuu lilipofunguliwa hapa mjini na kunichukua niongoze mazoezi ya aljebra ya mstari, ile hisabati ya kupanga namba kwenye majedwali yanayoitwa matriki, sikushangaa. Wala sikushangaa mkuu wa idara aliponiita ofisini.

"Wewe ndiye unayekaa na wanafunzi kila siku. Chagua kitabu cha kozi. Fomu inaondoka Jumatatu, na tukishaagiza ndicho hicho."

Jibu nilikuwa nalo tayari. Kitabu changu, kurasa mia saba, ndicho kilichonifanya mtu. Alinikabidhi na cha pili, chembamba, sampuli iliyoachwa na muuza vitabu. Nilikitia kwenye mkoba bila kukifungua.

Ijumaa, baada ya kipindi, mama mmoja alibaki darasani. Ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Laela, amenizidi umri sana, na alikuwa anasomea shahada. Kozi hii alikuwa ameifeli, akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, akafeli tena. Sasa alikuwa anairudia kwa mara ya mwisho. Ikimshinda anadisko, anaondolewa chuoni moja kwa moja.

"Shikamoo mama. Kuna shida?"

"Marahaba, mwalimu. Nasikia unachagua kile kinene."

"Ndicho kilichonifikisha hapa."

"Wewe ulibeba zege, mabega unayo." Alicheka. "Mimi kile kinaninyamazia. Kabla hujajaza fomu, njoo kesho asubuhi kwa dada yangu hapa mjini, na vitabu vyote viwili. Nimealika."

Kwetu Ufipa neno hilo halihitaji maelezo marefu. Mwenye shamba anaalika majirani waje kufukia nyasi kwenye matuta. Kila mtu anapewa kipande chake. Anayemaliza anaingia kwenye kipande cha aliyebaki nyuma, na hakuna anayenawa mikono mpaka kipande cha mwisho kiishe. Mwenye shamba anatoa kinywaji. Mama huyu alikuwa amealika wanafunzi wenzake saba waje kulima vitabu.

Nilikwenda na kitabu changu kwapani, kifua mbele.

Walikuwa uani wamejikunyata juani, ndoo ya togwa ya ulezi katikati. Kazi ilikuwa sura moja, ya kuzidisha matriki, na kila mtu kurasa zake. Tulianza na kinene. Kijana mmoja wa Kisukuma, ambaye baba yake anafuga ng'ombe huko bondeni, alikipima kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hiki ukimrushia fisi anakufa hapohapo!"

Tulicheka wote, kisha wakainamia kurasa zao. Kufika saa nne watu wote wanane walikuwa wamekwama, kila mmoja kwenye ukurasa wake wa kwanza, na hakuna wa kumsaidia mwenzake.

"Kinasema hili ni dhahiri," mama alisoma. "Dhahiri kwa nani?"

Nilisimama nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, kama kawaida yangu, na nyuso zikafunguka.

"Haya, tumeelewa," mama akasema. "Lakini umeeleza wewe, si kitabu. Jumatano nikiwa Laela utakuwepo?"

Nilikifunga kinene, nikamsogezea kile cha pili.

Wakafungua kile chembamba. Chenyewe kilianzia jikoni: jedwali moja linaonyesha siku ipi vinapikwa vyakula gani, la pili linaonyesha kila chakula kinakula unga na mafuta kiasi gani. Unachukua mstari wa la kwanza, unaushusha kwenye safu ya la pili, unapata mahitaji ya siku ile. Mama alimaliza kurasa zake wa pili, akahamia kwa yule kijana.

"Wewe unazidisha namba na ile iliyo mahali palepale kwenye jedwali la pili. Hapana, baba. Mstari kwa safu. Umepika ugali, unga umekwenda wapi?"

"Ahaa! Kumbe!"

"Kumbe nini? Andika!"

Togwa ilikuwa bado nusu ndoo walipoanza kunawa. Nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kinene nilikisoma mara nne, na mara tatu za kwanza sikuambulia kitu. Mama huyu hakuwa na mara nne. Alikuwa na moja.

Jumatatu nilijaza fomu. Mkuu wa idara alikigeuzageuza kile chembamba.

"Hiki? Watu watasema tunafundisha sekondari."

"Waje wafanye mtihani wetu," nikamwambia.

Matokeo yalipobandikwa, nilifika ubaoni mapema kuliko wenye mtihani. Mama alishuka kwenye basi la Laela akaja moja kwa moja, akaitafuta namba yake, akapiga kigelegele hadi karani akatoka ofisini.

"B, mwalimu! B!"

"Kwa kitabu nilichochagua mimi," nikasema. "Mimi ningepata A."

"Wewe ungekuwa bado ukurasa wa kwanza wa kile kinene!"

Akanishika mkono, tukaenda dirishani kwa karani kuandikisha masomo yake ya muhula unaofuata.