Jukwaa Limegeuzwa, na Aliyeligeuza ni Shangazi Msumari

JUKWAA LIMEGEUZWA! Jamani, lote, mbao na nguzo zake, siku nne kabla ya tamasha la maigizo kufunguliwa. Na aliyeligeuza ni Shangazi Msumari, fundi seremala wa mtaa wetu, yule anayeongea huku amebana misumari mitatu mdomoni.

Sasa sikia alivyotendewa. Miaka tisa, kila msimu wa joto, yeye ndiye anajenga lile jukwaa la uwanjani, na kila mwaka analiweka ili jua la jioni liwapige watazamaji mgongoni. Waigizaji wakilalamika wanaumia macho, anawaambia si kazi yenu ni kujifanya? Basi jifanyeni hamlioni.

Mwaka huu kaletwa meneja mpya, kijana wa tai, mchoro wake uko kwenye tableti. Eti jukwaa litazame upande wa pili, ili miti ya maua itokee kwenye picha. Shangazi akamweleza taratibu kwamba maonyesho yanaanza saa kumi na moja, na saa hiyo jua linashukia palepale kwenye hayo maua. Meneja hata kichwa hakuinua.

"Mama, wewe piga misumari tu. Kufikiri tuachie sisi."

Mbele ya vibarua wake, yaani. Shangazi akarudi nyumbani anafoka: watu wasipoona kitu watasema fundi hajui kazi, nani ataulizia mchoro? Mumewe akamwambia ale kwanza. Hakula.

Akalijenga vilevile alivyoagizwa. Lilipokwisha, akaweka benchi moja wanapokaa watazamaji, akamwomba meneja akae hapo saa kumi na moja kamili. Yeye akapanda jukwaani, akanyanyua kitu.

"Meneja, nimeshika nini?"

Meneja kakinga uso kwa mkono, machozi yanamtoka. Akasema sufuria. Mara akasema labda kofia.

"Ni tableti yako, mwanangu. Uliisahau huku juu."

Kibarua mmoja aliangusha nyundo mguuni kwake na bado akaendelea kucheka. Meneja akajikohoza, akasema haya, ligeuzeni.

Unadhani aliomba msamaha? Thubutu. Jana ukurasa wa tamasha umeweka picha yake, kakunja mikono mbele ya jukwaa, chini wameandika ni wazo lake. Wazo lake! Watu mia sita wameshaipenda. Shangazi kaiona, kazima simu, kaenda kupiga msasa ngazi ili waigizaji wasichomwe na vibanzi.

Tafadhali, ukimaliza kusoma mtumie na mwenzako, ili watakaokaa pale wakaona vizuri wajue wamshukuru nani.