Sakafu Ambayo Doria Aliikataa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Tunduma, nikiwa binti wa mabuti na kelele nyingi, niliposimama mbele ya mbwa aitwaye Doria na kumwita mvivu. Mwanangu, nimesikia umepata ukumbi wa kuwafundishia mbwa wako kuruka, na kwamba umeupenda kwa sababu sakafu yake inang'aa. Basi kaa kwanza. Jambo hili nalijua vizuri, na leo sitaki ubishi.

Miaka ile biashara ya kuvuka mpaka ilikuwa imefunguliwa, malori yamejaa mpakani, nami nimeteremka kutoka Mbozi kuja kufundisha mbwa wa ulinzi kwenye yadi ya Mzee Salehe. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa Tanga, mtu wa swala tano. Mbwa hakuwagusa kwa ajili ya udhu wake, ndiyo maana akaniajiri mimi. Niliwafundisha wepesi: kuruka viunzi, kupita katikati ya nguzo, kukimbia juu ya ubao mwembamba. Doria aliwashinda wote. Akiona umeshika filimbi, mkia wake ulitaka kung'oka.

Mvua zilipoanza, yadi ikawa tope tupu, tukahamia ndani ya ghala. Mzee akaniambia kwamba Jumamosi wenye malori watakuja kuwaona mbwa. Mimi nililelewa na mama wa Kinyiha asiyevumilia vumbi, kwa hiyo habari ya wageni kwangu ilikuwa na maana moja tu. Nilichukua nta nyekundu na kitambaa, nikapiga magoti, nikaisugua ile saruji mpaka unaweza kujitazama. Nilijisifu, wala usiniulize kiasi gani.

Tangu hapo Doria akagoma. Anakimbia, akikaribia kiunzi anapunguza mwendo, anazunguka pembeni. Nikimlazimisha anaruka, anatua vibaya, kisha anakaa kujilamba mguu. Nikaona huyu kachoka kazi. Nikamshauri Mzee tumtoe, akakubali shingo upande, na dereva mmoja wa Kizambia, Ba Mulenga, hiyo "Ba" ni heshima ya kwao, aliyekuwa akimtamani mbwa huyo siku nyingi, akaahidi kuja kumchukua hiyo hiyo Jumamosi.

Sasa asubuhi ile nikimfokea, Mzee akatokea mlangoni na mwavuli wake.

"Mtoe nje," akasema.

"Mzee, nje kuna tope."

"Mtoe hivyo hivyo."

Nyuma ya ghala palibaki kipande cha majani. Nikaweka kiunzi pale. Doria akakiruka, akageuka, akakiruka tena bila kuamriwa.

"Haya, zamu yako," Mzee akasema. "Vua mabuti, baki na soksi. Ingia ndani ukimbie, ukikaribia kiunzi ugeuke ghafla."

Mwanangu, hata hicho kiunzi sikukifikia. Nilikwenda chini mzima mzima, na kiuno hiki kinanikumbusha kila baridi ya Mbozi inapoingia. Mzee hakucheka.

"Binti, mimi mbwa huyu simgusi, kwa hiyo kazi yangu ni kumtazama," alisema. "Wewe unamtazama usoni tu. Mtazame miguuni. Kuruka anataka sana. Anachoogopa ni kutua."

Niliona aibu, na huruma kwa Doria ilinishika hadi nikalia mbele ya Mzee.

Tukahangaika kutafuta cha kutandika. Magunia yaliteleza pamoja na mbwa mwenyewe. Magodoro nayo, niliyoyaleta nikijiona mjanja, yaliimeza miguu ya mbwa. Nilipoona kifundo kimoja kinapinda nikayatoa kabla Mzee hajasema neno. Mwishowe tukaiondoa nta yote kwa maji ya moto na sabuni, tukatandaza mpira mzito wenye matuta madogo, ule wanaouweka kwenye bodi la lori mizigo isihame. Ukiubonyeza kwa kidole gumba unaitika kidogo na kurudi. Ukiumwagia maji, bado unashika. Tukagandisha kwa gundi maungio ya vipande vyake ili kucha zisinase, tukaacha nafasi ndefu ya kutua baada ya kila kiunzi, na viunzi vya Doria nikavishusha.

Jumamosi Ba Mulenga akaja, mnyororo begani. Nikapuliza filimbi. Doria hakupunguza mwendo. Aliruka, akatua vizuri, akakata kona kuelekea nguzo, mkia juu.

"Awe," Ba Mulenga akasema huku akicheka, yaani hapana kwa lugha yao, "huyu hamnipi tena."

"Rudi kwenu na mnyororo wako, bwana," Mzee akamjibu.

Kwa hiyo ukumbi wako usikununue kwa kung'aa. Kabla mbwa hajaingia, ingia wewe na soksi zako, kimbia, geuka ghafla. Mwaga maji uone. Bonyeza kwa kidole, na yale maungio yapapase kwa mkono, usiyatazame kwa mbali. Ukijiona unatembea kwa kujikaza, mbwa wako atajikaza zaidi. Mwenye ukumbi akikataa mpira kutandikwa kwenye vigae vyake, mwachie vigae vyake. Na mbwa aliyekuwa akiruka jana akikataa leo, funga mdomo kwanza, uangalie chini.

Doria alizeekea mikononi mwangu akitembea kwa miguu yake yote minne. Mungu akujalie na wewe hivyo, mwanangu: wale uliopewa uwafundishe wazeeke wakitembea, na wewe mwenyewe, kila utakaporuka, akuwekee mahali pazuri pa kutua.