Inchi Kumi na Tatu kwa Kila Mgeni

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwake hakuna jambo lisilopimwa. Siku aliyoalika ndugu na marafiki, aliondoa vitambaa kwenye meza yake ya kukatia, akashika chaki na futikamba, akamchorea kila mgeni inchi kumi na nane. Meza ikatosha watu kumi na wawili barabara.

Tukaja kumi na sita.

Wali ulikuwa umeshika chini, jiko la pili limegoma, na shangazi jasho linamtiririka. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, akatazama ile michoro. "Wifi, hapa hatutoshi. Wengine wakae uani."

"Kwangu haendi mtu uani!" Shangazi akafuta chaki kwa kiwiko, akapima upya: inchi kumi na tatu.

"Unatupima kama suruali? Tutabanana!"

"Nguo ikibana, hukati mwenye nguo. Unaachia mshono. Kaa!"

Tukakaa, viwiko vikigombana, mchuzi ukiruka. Ndipo tukamwona amesimama na sahani yake mkononi. Fundi alikuwa amesahau kujipimia mwenyewe.

Mama akapata la kusema. "Si nilikwambia? Nafasi yako iko wapi sasa?"

"Nafasi nilikuwa nayo, wifi. Tangu nifiwe na mume wangu, mwaka mzima nimekula hapa peke yangu, meza nzima yangu. Namshukuru Mungu leo sina hata inchi moja. Haya, sogeeni!"