Mtufaha Ambao Sikuufikia

Niseme ukweli tangu mwanzo, maana kuukwepa ndiko kulikonitesa: siku ya kwanza sikufika.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja Mwingereza, huku Uingereza, mtaa wa Edgbaston, kwenye nyumba yenye vyumba vingi na mtu mmoja. Asubuhi namwamsha, namwosha, nampikia uji wake usio na sukari, namvalisha zile soksi za kubana miguu ambazo aliyezibuni hakika hajawahi kuinama. Mimi nakaa Kingstanding, mabasi mawili kutoka kwake, na nikitoka hapo nina wazee wengine wawili kabla ya jioni. Siku tano kwa wiki. Nikirudi nyumbani nakaa kitandani na koti langu mwilini, najiambia nitalivua sasa hivi.

Mzee alikuwa mwalimu wa jiografia, na yeye na mkewe waliendesha baiskeli kila Jumamosi maisha yao yote. Si mashindano. Ni mashambani tu, kwenye vijia vyembamba vyenye ua wa michongoma huku na huku, kijiji hadi kijiji, kondoo wakiwatazama. Kila njia aliichora kwa mkono kwenye daftari: kikombe maana yake hapa kuna chai, mbwa maana yake hapa kaza mwendo. Mkewe alikuwa amefariki zamani, lakini baiskeli yake ya kijani ilikuwa bado gereji. Siku mabasi yaliponichelewesha mara ya tatu, akaniambia niichukue niwe nakuja nayo kazini. Kuendesha nilijua. Kwetu Busia nilijifunzia baiskeli ya baba ya kubebea maziwa, mguu nimeupitisha chini ya chuma cha katikati kwa kuwa kiti sikifikii.

Nilimfundisha kuniita Dada. Nilimfundisha pia kusema habari, na hilo alilipenda mno.

"Habari, Dada?"

"Nzuri, Mzee."

"Kila siku nzuri?"

"Ndivyo inavyojibiwa."

"Hata mtu akiwa na homa?"

"Hata akiwa na homa. Kwanza unasema nzuri, halafu ndiyo unasema homa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi wewe hiyo halafu yako sijaisikia bado," akasema. Nikamwambia ale uji, unapoa.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, akaweka kijiko chini. Daktari alikwisha mwambia kwamba mwaka mwingine hataumaliza. Majivu ya mkewe, akasema, aliyamwaga chini ya mtufaha wa mwituni ulioko kando ya lango la shamba, karibu na Feckenham, pale walipozoea kukaa na kula mikate yao. Naye alitaka ya kwake yawekwe hapo hapo. Mwanawe angekuja mwezi wa kumi, waandike kila kitu.

"Lakini sijafika huko miaka mingi," akasema. "Nataka kujua kama mti upo. Sitaki kupelekwa mahali ambapo hapapo tena."

Mimi nilibaki nimeshika sufuria. Kumchoma mtu! Kwetu mtu anazikwa, tena kwao, na watu wanakuja wanakula siku tatu na kugombana. Lakini binadamu akikuomba jambo kama hilo akikutazama machoni, utamjibu nini? Nikasema Jumamosi, siku yangu ya kupumzika, nitakwenda nimwangalizie. Akanipa daftari kwa mikono miwili.

Jumamosi hiyo niliamka mwili hauna habari na mimi. Nilifuata njia ya kando ya mfereji mpaka Kings Norton, na hapo ilikuwa raha tupu, tambarare, bata na mashua zilizofungwa. Kisha mfereji unaingia chini ya kilima na wewe unapandishwa juu. Kwenye daftari alikuwa ameandika "mwinuko mdogo." Wacha wee! Mdogo kwa nani? Niliteremka nikasukuma baiskeli, natukana kwa Kiluhya ili kondoo wasielewe. Juu kule, kusema haki, palikuwa pazuri. Mashamba yamelala yamekunjamana hivi kama shuka la mtu aliyeamka sasa hivi, mnara wa kanisa umetokeza, hakuna anayekimbia. Uzuri nikauona, lakini sikuwa na nguvu ya kuufurahia.

Karibu na Alvechurch nikakuta tena mfereji, daraja la matofali, na benchi. Nikakaa nile ndizi. Dakika tano tu, nikasema.

Nilipozinduka jua lilikuwa limehamia upande mwingine, ganda la ndizi liko mapajani, shingo imepinda. Nikatazama daftari. Hata nusu sikuwa nimefika. Nikafikiria magoti yangu, nikafikiria vilima vyote vile vya kwenda na vya kurudi, nikafikiria Jumatatu alfajiri. Nikageuza baiskeli.

Jumatatu hata sijavua kofia akaniuliza. Nami nikajibu kama ninavyojibu siku zote.

"Upo, Mzee! Tena umechanua. Maua meupe tele, mpaka chini yamejaa."

Akanitazama kidogo. Akafumba macho. "Asante, Dada," akasema. Nikaona nimempa dawa. Kwetu mgonjwa haambiwi mabaya, na mimi hata mabaya yenyewe sikuwa na uhakika kama yapo.

Jumapili iliyofuata, kanisani, nilisinzia kwenye mahubiri mpaka mama mmoja Mkongo ninayekaa naye akanifinya. Tulipotoka nikamweleza. "Ulifanya muzuri, dada," akasema. "Mugonjwa si mutu wa kuambia mambo mubaya." Nikafarijika siku mbili. Siku ya tatu, nikipangusa meza ya mzee, nikaona karatasi aliyoiandika kwa ajili ya mwanawe, kwa mkono wake mwenyewe: chini ya mtufaha, kando ya lango, pale alipo mke wangu. Alikuwa amechora na ramani. Mwanawe angefika baada ya siku kumi, na angeifuata ile ramani kwa neno langu mimi niliyelala njiani.

Jamani, niliona haya. Haya mpaka masikioni.

Jumamosi nikatoka tena. Manyunyu ya mvua yale ya huku, yasiyonyesha na yasiyokoma. Kilima nikakisukumia baiskeli, daraja nikalipita bila kuligeukia maana nilijijua. Baada ya Alvechurch vijia vikazidi kuwa vyembamba. Majani yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na kwenye mageti watu walikuwa wameweka masanduku ya matunda, wapita njia wajichukulie. Mbwa aliyechorwa kwenye daftari hayupo tena, nadhani alikwisha kufa, lakini nikakaza mwendo hata hivyo. Mikono ilikufa ganzi kwenye breki. Nikafuata ramani kona kwa kona mpaka mahali palipoandikwa "lango."

Hapakuwa na lango. Palikuwa na uzio wa mbao, na nyuma yake nyumba mpya za matofali, magari, bembea ya watoto. Nikaenda mbele, nikarudi, nikaenda tena. Mama mmoja alikuwa anatoa vitu kwenye gari. Nikamsalimu, nikamuuliza juu ya mtufaha.

"Mti gani?" akasema. "Tumehamia miaka minne sasa. Hapakuwa na mti."

Nikamshukuru. Nikaenda mpaka kwenye kona asikoweza kuniona, nikalia. Sikuulilia mti. Nililia kwa uchovu, na kwa hasira, kwa sababu sasa ilikuwa lazima niseme, na nilikuwa na safari yote ile ya kurudi nikiijua habari hiyo peke yangu.

Jumatatu nikamvalisha soksi kwanza. Nikiwa nimeinama bado, ili nisimtazame, nikasema:

"Mzee, ile siku ya kwanza sikufika."

"Najua."

Nikainua kichwa. "Unajua nini?"

"Dada, mtufaha huchanua mwezi wa tano. Mwezi wa tisa unakuwa na matufaha."

Ai! Mimi mti niliouzoea kwetu ni mlimau, maua na malimau siku moja, tawi moja. Nani angeniambia? Nikakaa chini sakafuni pale pale, soksi ya pili mkononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema huku umeshika ukuta," akasema. "Mtu aliyechoka hivyo nimwambie rudi?"

Nikamwambia yaliyobaki: uzio, nyumba, bembea, yule mama na gari lake. Sikuongeza ua hata moja. Alitazama dirishani, mikono yake ikilivuta blanketi, ikiliachia. Nilijichukia, nikalichukia na lile daftari, nikatamani ningeendelea kumdanganya mpaka siku yake.

"Siku ya kwanza ulifika wapi?" akauliza baadaye.

"Darajani, kabla ya Alvechurch. Pana benchi. Nikala ndizi, nikalala."

"Ulilala vizuri?"

"Mzee, tangu nije nchi hii sijawahi kulala vile."

Akageuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikaona meno yake.

"Pale ndipo nilipokuwa nachokea mimi," akasema. "Kila Jumamosi. Yeye hakuwa na subira hata kidogo, ananiacha kwenye benchi, anatangulia. Mimi nampata baadaye kwenye mti." Akainyoosha ile karatasi juu ya magoti. "Nipe kalamu. Niwekeni darajani. Yeye amekwisha tangulia."

Nikampa kalamu. Nikamshikia karatasi.

Alifariki mwezi wa pili. Mwanawe alinipigia simu, tukaenda wawili, yeye na gari lake, mimi na baiskeli ya kijani kwa sababu nilitaka hivyo. Tukamweka nyuma ya benchi, kwenye michongoma. Sikuona ajabu tena ya kumchoma mtu, au niliona, lakini nilinyamaza.

Siku hizi nina mzee mwingine, na mabasi ni yale yale. Jumamosi nikiweza nakwenda mpaka pale tu, sipiti. Nakaa, namenya ndizi yangu, na namsikia akiniuliza habari kwa matamshi yake yale mabovu.

"Nimechoka, Mzee," namjibu. "Nimechoka sana."